Atembee Kwanza, Ndipo Apande

Akina baba mnaosoma kona hii pembeni, karibuni mkae karibu, maana leo tunaongea kuhusu daftari la hesabu la mtoto, na hilo si la mama peke yake.

Wazazi wenye watoto wa Gredi ya 9 huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mtoto anajua kujumlisha na kugawanya, hata aljebra anajitahidi, lakini akifika kwenye koodineti na grafu anapotea. Anaambiwa aweke nukta kwenye (3, 5), anaiweka kwenye (5, 3). Anaonyeshwa nukta iliyokwisha kuwekwa, anaisoma kinyume. Ukurasa unajaa alama nyekundu, mtoto anaanza kuliogopa somo, na mzazi ambaye shule aliiacha mapema anaona hana la kufanya isipokuwa kutafuta pesa za masomo ya ziada.

Mzazi huyo ndiye ninayeongea naye leo. Huhitaji kujua aljebra ili umsaidie mwanao hapa. Koodineti ni namba mbili zinazoeleza kitu kiko wapi, basi. Ili zifanye kazi, panatakiwa mahali pa kuanzia ambapo wote mnapajua, mkubaliane namba ipi inasomwa kwanza, na hatua za kila upande ziwe sawa kwa sawa. Mtoto anayekosea ameteleza kwenye mojawapo ya hayo, na mara nyingi ameteleza kwa sababu alionyeshwa herufi x na y kabla miguu yake haijaitembea njia yenyewe. Mimi naamini kabisa kwamba somo hili huanzia miguuni.

Kwa hiyo mtoe nje.

Nyumba nyingi za huku kwetu Kakamega zina kipande cha mahindi. Mahindi yaliyopandwa kwa kamba, kama maafisa wa kilimo wanavyoshauri, huwa na sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 25 au 30 kati ya shina na shina. Hapo una gridi kubwa kuliko ubao wowote wa darasani, na hukuinunua. Subiri mahindi yafike magotini, baada ya palizi ya kwanza, ili umwone mtoto naye akuone. Simameni kwenye kona moja ya shamba. Kona hiyo ndiyo mwanzo wenu, na msiihame mpaka mchezo uishe. Sasa mwambie: "Tembea ukingoni mpaka mstari wa nne, halafu ingia ndani mpaka shina la saba, unisubiri hapo." Akishafika, mrudishe kwenye kona na umtume tena, safari hii mstari wa saba, shina la nne. Atajionea kwamba namba zilezile mbili zimempeleka mahali pengine kabisa. Usikimbilie kueleza. Muulize kwa nini amesimama pengine, kisha unyamaze mpaka aseme mwenyewe.

Baada ya hapo geuzeni kazi. Wewe funga uzi kwenye shina moja, yeye arudi kwenye kona, alitazame shina lile na akwambie namba zake mbili. Huku kutuma na huku kusoma ni kazi mbili tofauti, na wazazi wengi hufanya moja tu. Mtoto anaweza kuwa hodari wa kuweka nukta akiambiwa namba, na bado akababaika akiulizwa nukta ile iko wapi. Fanyeni zote mbili kwa zamu, na yeye naye akutume wewe shambani. Akikutuma vibaya, nenda palepale alipokutuma, usimrekebishe kwa kukisia alichotaka kusema. Kumwona mama yake amesimama kwenye shina lisilo lenyewe kutamfundisha kuliko maelezo mengi.

Anayeishi kwenye ploti mjini, pale Amalemba au Sichirai, asiseme hana shamba. Vigae vya sakafu vinatosha. Uwanja wa udongo na kijiti cha kuchorea vinatosha. Hata vitanda viwili vya sukuma wiki nyuma ya nyumba vinatosha.

Lakini kuna mahali ambapo shamba na karatasi havifanani, na hapo ndipo watoto wengi hujikwaa bila mtu kutambua. Shambani tunaanza kuhesabu na moja, mstari wa kwanza ni mstari wa kwanza. Kwenye grafu mwanzo ni sifuri. Mtoto aliyezoea kuanza na moja atachora mihimili yake vizuri, aandike 1 pale mihimili inapokutana, na kuanzia hapo kila nukta yake itakuwa imesogea hatua moja. Mwalimu ataona majibu kumi mabaya, kumbe kosa ni moja. Dawa yake ni kumfahamisha kwamba namba inahesabu hatua alizopiga. Akiwa amesimama kwenye kona, amepiga hatua ngapi? Hajapiga hata moja. Kwa hiyo yuko kwenye (0, 0). Rudini shambani siku nyingine, mstari wa ukingoni muuite sifuri na shina la kwanza sifuri, mcheze upya. Atakapotumwa (0, 4) na (4, 0), ambazo ndizo huwachanganya watoto kuliko zote, ataona kwamba kwa nukta ya kwanza hatembei ukingoni hata kidogo, anaingia tu ndani, na kwa ya pili anatembea ukingoni bila kuingia ndani.

Kauli ya kumpa ni fupi: tembea kwanza, ndipo upande. Namba ya kwanza ni ya kutembea kwenye mhimili uliolala, ule wa x. Namba ya pili ni ya kupanda pamoja na mhimili uliosimama, ule wa y. Aiseme kwa sauti huku kidole kikifuata njia kwenye karatasi, kila nukta, hata akichoka. Kidole kisiruke moja kwa moja hadi kwenye nukta.

Mkishaingia ndani kwenye karatasi, nunua daftari la mraba, lile la hesabu la watoto wadogo. Usianze na karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita 2, inaumiza macho na kumchanganya anayeanza. Na kabla hajaweka nukta hata moja, hakikisha ameelewa kwamba mistari ndiyo yenye namba, na nukta hukaa pale mistari inapokatana. Hili lina sababu yake. Watoto wetu wamekua wakicheza drafti kwa visoda, na kwenye drafti kete hukaa ndani ya mraba. Ubao wa sataranji nao huita miraba yake kwa herufi na namba, kila mraba jina lake. Basi mtoto akifika kwenye grafu anaandika namba katikati ya mraba, si chini ya mstari, kisha anaweka nukta yake ndani ya mraba. Hajakosa akili, ametumia alichokijua. Mwonyeshe tofauti mara moja kwa upole: kwenye drafti tunataja chumba, kwenye grafu tunataja njia panda.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa hatua hii ni wa kutafuta kuku. Watoto wawili wanakaa wakipeana mgongo, kila mmoja na daftari lake. Kila mmoja anachora mihimili kutoka 0 hadi 10, kisha anaficha kuku wake: mmoja kwenye nukta mbili zinazofuatana, mwingine kwenye nukta tatu, na jogoo kwenye nukta nne, wamelala au wamesimama. Halafu wanatafutiana kwa zamu. Huyu anataja "(6, 2)", yule anaangalia na kujibu "umekosa" au "umegusa". Anayegusa nukta zote za kuku amemkamata, na anayekamata wote kwanza ameshinda. Ni ndugu wa mchezo wa manowari ambao watu waliucheza kwa penseli na karatasi miaka mingi kabla ya kampuni ya Milton Bradley ya Marekani kuutoa kwa plastiki mwaka 1967, kwa hiyo usimruhusu mtu akuuzie sanduku la bei ghali. Raha yake ni kwamba anayegeuza namba anajiadhibu mwenyewe: anamkosa kuku aliyekuwa amemkaribia. Sharti langu ni moja, kila mtoto aweke alama ya kila alichotaja na kila alichoulizwa. Hapo ameweka nukta na kusoma nukta mara nyingi kuliko zoezi lolote la kitabuni, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa nije kwenye namba hasi, ambazo huwatisha watoto, kwa sababu hapa sisi watu wa Magharibi tuna bahati ambayo hatuitumii. Ikweta, mstari wa sifuri wa dunia nzima, inapita Maseno. Sisi wa Kakamega mjini tuko kaskazini yake kwa kilomita 31 hivi. Kisumu iko upande wa pili, kusini. Mtoto aliyewahi kupanda matatu kutoka stendi ya Kakamega hadi Kisumu amevuka kutoka upande wa chanya kwenda upande wa hasi akiwa amekaa kwenye kiti. Mwambie hivyo, uone uso wake.

Kisha mkae mezani mchore. Chukua ukurasa wa daftari la mraba na uchore mstari uliolala: huo ni Ikweta. Chora mwingine uliosimama uukate: huo ni mstari wa longitudo ya Maseno, digrii 34.6 mashariki. Inapokatana ni Maseno, na hapo andika (0, 0). Kila mraba mmoja uhesabike kuwa sehemu ya kumi ya digrii, ambayo kwa huku kwetu karibu na Ikweta ni kilomita 11 hivi, iwe unaenda kaskazini au mashariki. Nimezipiga hesabu na kuzikadiria hadi namba nzima ili mtoto asihangaike na desimali. Kakamega ni (2, 3). Kisumu ni (2, -1). Mumias ni (-1, 3). Homa Bay ni (-1, -5). Tazama vizuri: miji minne, na kila mmoja umeangukia robo yake ya karatasi. Ongeza na Bungoma, ambayo kwa makadirio haya iko kwenye (0, 6), juu ya mhimili wenyewe.

Mwache mtoto aiweke yote, halafu ndipo uanze kumuuliza. Kwa nini Kakamega na Kisumu zina namba ya kwanza ileile? Kwa sababu Kisumu iko karibu kusini kabisa mwa Kakamega, na mstari unaoziunganisha unasimama wima. Ukimwambia mtoto wa Gredi ya 9 kwamba mstari huo mwalimu wake anauita x = 2, atakuwa ameielewa milinganyo ya mistari kupitia safari anayoijua. Na Kakamega na Mumias? Namba ya pili ndiyo inayolingana, mstari umelala, ni y = 3. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni miraba mingapi? Minne. Mara kilomita 11, ni 44, na barabara yenyewe ni ndefu zaidi kwa sababu inapinda. Muulize kwa nini Kisumu ina alama ya kutoa mbele ya namba ya pili tu, na Mumias mbele ya namba ya kwanza tu. Akijibu kwamba Kisumu iko chini ya Ikweta na Mumias iko magharibi ya Maseno, hana tena haja ya kukariri robo ipi ina alama gani.

Hapa lazima niwape tahadhari, kwa sababu watoto wetu wana simu mikononi. Ukibonyeza mahali ulipo kwenye ramani ya simu, hukupa namba mbili. Kwa Kakamega mjini zitakuwa karibu na 0.28, 34.75. Namba ya kwanza hapo ni latitudo, umbali wa kwenda kaskazini au kusini, yaani ile ya kupanda. Ya pili ni longitudo, ile ya kutembea. Ni kinyume cha somo la hesabu! Mtoto mwerevu aliyeshika kauli yetu ya kutembea kwanza atazisoma kwa mpangilio wa darasani na kupotea, na ni muhimu umwambie mapema kwamba si yeye aliyekosea, ila mabaharia na wachora ramani wana desturi yao na wanahisabati wana yao. Mjaribu kwa vitendo: aandike kwenye simu 34.75, 0.28, akigeuza tu mpangilio, aone simu itampeleka wapi. Itampeleka Algeria, jirani na mji wa Saïda, mbali kabisa na Kakamega. Hakuna maelezo ya ubao yatakayomfunza thamani ya mpangilio kuliko hilo.

Na akifika kwenye jiografia, ramani za topografia za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zinarudi kwenye desturi ya kutembea kwanza: unasoma namba za kuelekea mashariki, kisha za kuelekea kaskazini. Kila mraba pale ni sentimita 2 kwenye karatasi na kilomita moja ardhini. Rejeleo la tarakimu nne hutaja mraba mzima, la tarakimu sita hukufikisha kwenye mita 100. Kwa hiyo mtoto mmoja, katika wiki moja, anaweza kukutana na mambo matatu yanayofanana lakini yasiyo sawa: nukta ya hesabu, mraba wa jiografia, na namba za simu zilizopinduliwa. Mimi naona ni haki yake aambiwe wazi kwamba yako matatu, na hilo lazima lisemwe na mtu mzima.

Kuhusu vipimo vya mihimili sitakaa sana. Shamba limekwisha kufundisha: upande mmoja hatua ni sentimita 75, upande mwingine 30, na bado hakuna anayepotea, maadamu kila upande unashika hatua yake. Kwenye grafu pia mhimili wa x unaweza kuhesabu mbilimbili na wa y ukahesabu kumikumi. Lisilokubalika ni kuanza na 0, 2, 4, kisha kuruka hadi 10 kwa sababu nafasi imekwisha. Mfanye aandike namba zote za mihimili kwanza, kwa rula na penseli, kabla ya kugusa nukta ya kwanza.

Sasa ulimi wako. Dada yangu, hapa nakuomba sana. Mtoto akiweka nukta pasipo pake, usiseme "umekosea tena." Muulize, "Ulianzia wapi? Ulitembea ngapi? Ulipanda ngapi?" Arudie njia yake kwa kidole mbele yako. Mara nyingi atalisikia kosa lake kabla hujafika swali la tatu. Na usimweke saa nzima, robo saa ya kila jioni inamtosha mtoto aliyetoka shule, aliyechota maji na aliyefunga ng'ombe. Ukikumbuka kwamba Mfaransa René Descartes, anayehusishwa na koodineti hizi, alichapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, na kwamba hata humo hakuchora mihimili miwili yenye namba hasi kama tunavyoichora leo, na ilibidi wataalamu waliomfuata waikamilishe kazi hiyo, utaona kwamba jambo lililowachukua watu wazima wenye akili muda mrefu halipaswi kumgharimu mtoto kofi kwa kulikosa jioni moja.

Wengine mnaniuliza litamfaa nini. Saveya anayekuja kupima shamba la urithi anafanya kazi kwa namba hizi. Kijana wa bodaboda anayefuata pini ya mteja kwenye simu anazifuata hizihizi, na desimali ya nne ya namba hizo ni mita 11 tu, yaani tofauti ya lango lako na lango la jirani. Anayetaka uhandisi, uuguzi, urubani au uchumi atakutana na grafu kila mwaka wa masomo yake. Na kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipofanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwaka 2025, lilikuwa likielekea kwenye sekondari ya juu, ambako mkondo mmoja ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto aliyeogopa grafu akiwa Gredi ya 9 anaufunga mlango huo mwenyewe kabla mtu hajamfungia.

Hapo ndipo nina neno la mwisho, nalo ni kwa nyumba zenye wasichana. Katika boma zetu nyingi jioni, mvulana hukaa na daftari mezani na dada yake huwa jikoni akisonga ugali na kukaanga mrenda, kisha mwezi wa mtihani tunashangaa kwamba msichana "hapendi hesabu." Hajapewa nafasi ya kuipenda. Mwite aje akae. Mpe penseli na daftari la mraba, umwambie aiweke Kakamega kwenye (2, 3) na Kisumu kwenye (2, -1), na kaka yake aende akasonge ugali leo.